Komba, Koma na Warumi

"Nani analia huko nje?" mwanangu kaniuliza juzi usiku. Nikamwambia ni komba, alale. Yeye akalala, mimi nikakesha nikimwaza babu na debe lake.

Chuo kilikuwa kimetupeleka msitu wa Arabuko-Sokoke kwa mafunzo. Katika maelezo ya zamani ya komba tukakuta sifa ya Kiingereza, lemurine, ambayo hakuna aliyeijua. Mhadhiri akatueleza: asili yake ni Kilatini, lemures, mizimu ya wafu inayorandaranda usiku. Zamani, kila tarehe 9, 11 na 13 Mei, Mrumi mwenye nyumba aliamka usiku wa manane, akatembea pekupeku, akarusha maharage meusi nyuma bila kugeuka, kisha akagonga shaba na kuiamuru mizimu ya wazee wake itoke. Mwaka 1758 Linnaeus, yule Mswidi aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, akaorodhesha wanyama fulani kwa jina Lemur, maana nao hutembea usiku. Komba ni jamaa zao tu, ila jina limewafikia: Otolemur, lemuri mwenye masikio.

Wenzangu waliandika. Mimi nilikwama kwenye shaba.

Babu alikuwa mgema. Komba walipopanda minazi usiku kumnywea mnazi wake vibuyuni, alitoka pekupeku akipiga debe na kuwatukana mpaka nyumba nzima tukaamka. Likizo ilipofika nikamsimulia habari za Warumi na za Linnaeus, nikidhani atacheka.

Hakucheka. Alikuwa ameshika kata, ameshamwaga tone chini kwa ajili ya koma, wazee wetu waliotangulia, kama alivyofanya siku zote kabla ya kunywa. Akalitazama lile tone likizama mchangani.

"Huyo Mzungu alifika huku?"

"Hapana, babu. Afrika hakuikanyaga kabisa."

"Na hakuna aliyemwambia kwamba wanakunywa?"

"Nani, komba?"

Hakunijibu. Akanywa, akafuta masharubu, akaanza habari za bei ya nazi.

Usiku ule komba walikuja, niliwasikia vizuri. Debe halikulia. Huenda alikuwa amechoka tu, umri ulishamwelemea, sikuthubutu kumuuliza. Asubuhi vibuyu viwili vilikuwa vikavu, na babu akashinda akilalamika juu ya wezi wale wale.