Skafu ya vipande, na lile swali la "unauzaje?"

Kama hujawahi kukaa Dodoma mwezi wa sita na wa saba hutanielewa, maana watu wakisikia Dodoma wanawaza jua, vumbi na zabibu basi, hawajui kwamba mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na ule upepo wa asubuhi ukikukuta kituoni unakwenda moja kwa moja shingoni. Waliohamia na serikali kuanzia 2016 waulizeni, wengine walishuka kutoka Dar na vishati vyepesi. Mi mwenyewe baridi ikinipiga kidogo tu koo limeondoka, ndo maana mwaka huu nikasema nafuma skafu.

Naifuma kwa kroshia, tena siyo ile ya kuanza mwanzo hadi mwisho kama kamba, hapana, ni vipande vya mraba kimoja kimoja halafu vinaungwa. Kila kipande kama sentimita 10, viwili kwa upana na 16 kwa urefu, kwa hiyo vipande 32 vinakupa skafu ya sentimita 20 kwa mita moja na sitini hivi, inatosha kuzungusha na ncha zikabaki za kuchomeka ndani ya koti. Nimechagua vipande kwa sababu ya daladala. Nafanya kazi upande wa Mtumba, kule kwenye mji wa serikali, na safari ya asubuhi kutoka mjini siyo fupi, sasa ukiwa na skafu ndefu ya kipande kimoja mapajani inatambaa mpaka kwa jirani, kiwiko chako kiko kwenye mbavu za mtu, lakini kipande kinakaa kiganjani, uzi uko kwenye mkoba, na foleni ikikukuta unashukuru.

Chenyewe wala si kigumu. Cheni nne, yaani vitanzi vinne vinavyofuatana, unazifunga ziwe duara, humo ndani unaingiza nguzo tatu, ile mishono mirefu ya kusimama, halafu cheni mbili, tatu tena cheni mbili, mpaka yawe mafungu manne, na zile cheni mbili mbili ndo kona zako. Mzunguko unaofuata kila kona inabeba mafungu mawili badala ya moja, na hapo ndo siri yote ilipo, pembeni unaenda kawaida tu ila kona zinaongezewa, usipoongeza kona unapata kitu cha duara kinachojikunja. Wenzetu Marekani walishachapisha maelekezo yake kwenye gazeti la wakulima mwaka 1885, watu walikuwa wanatumia mabaki ya nyuzi, na mpaka leo faida yake ni ileile, uzi wa zambarau ukiisha unaendelea na wa udongo na hakuna atakayejua kama ulipanga au uliishiwa.

Kuunga ndo kuna mambo. Wengi wanafuma vyote kwanza wanavirundika, halafu siku moja wanakaa na sindano ya kushonea na rundo lile, wengine rundo linakaa kabatini mwaka mzima kwa sababu hakuna anayependa kushona. Mi naunga hukohuko ninapofuma, yaani mzunguko wa mwisho nikifika kwenye kona, badala ya kuweka cheni mbili naweka moja, nachomeka sindano ya kroshia kwenye kona ya kipande cha jirani, navuta, naweka cheni nyingine naendelea, na kila nafasi katikati ya mafungu nafanya hivyohivyo. Kikiisha kipande kimeisha na kuungwa. Ila lazima uamue rangi gani inakaa na nani wakati huohuo, huwezi kusema nitapanga baadaye, na hilo mi linanifaa maana nikipewa nafasi ya kupanga baadaye napanga mpaka masika yanaingia.

Vipande vya nyumbani usiku wakati wa taarifa ya habari vinatoka vimelegea kuliko vya kwenye gari, lakini ukishalowesha ukavibana na pini kwenye taulo vinakaa sawa, na kwa ukavu wa hewa yetu hii asubuhi viko tayari. Pasi usiguse kama uzi ni wa akriliki, unayeyuka.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Sijawahi kutoa huu mkoba mbele ya watu bila kuulizwa "dada, hiyo unauzaje?" Konda kauliza, dada wa saluni kauliza, mlinzi wa getini kauliza kwa niaba ya mkewe. Nikisema siuzi wananiangalia kama nimewanyima maji. Kazini ndo usiseme, mmoja anataka nifungue peji Instagramu, mwingine alishachora mpango mzima, tuunde kikundi tukaombe ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, sisi tunaingia kwenye nne za wanawake. Neno lao ni fursa. Jamani, kila kitu fursa!

Nilipiga hesabu kweli ili niwajibu. Uzi peke yake unazidi bei ya skafu ya mtumba pale soko la Sabasaba ambayo unaipata kwa hela ya soda mbili tatu, na hapo sijalipa mikono. Sweta linafumwa na mashine, lakini kroshia viwandani bado ni kazi ya mkono, kwa hiyo hata kile kiblauzi cha kroshia unachokivuta kwenye rundo la mtumba kuna mtu mahali alikaa akahesabu cheni zake. Alilipwa ngapi, sitaki kufikiria.

Halafu nina mama mkubwa wangu Kondoa. Huyu alikuwa fundi hasa wa vitambaa vya makochi, vile vyeupe vya uzi wa pamba vinavyotiwa wanga vikasimama, nusu ya mtaa ilikuwa imevaa kazi zake, na daftari la mali kauli lilikuwa limejaa majina ya watu ambao mpaka leo wakimwona wanapita njia nyingine. Kwenye makochi yake hapakuwa na hata kimoja. Nilimuuliza nikiwa mdogo, akasema havijabaki, vyote ni vya oda. Mi nataka kibaki. Shingo ni yangu, koo ni langu, skafu hii haina oda wala daftari.

Jirani yangu hakukubali nilivyomwambia siuzi, nikamwambia basi njoo Jumamosi nikufundishe, njoo na uzi wa rangi nyepesi, usilete nyeusi maana vitundu havionekani na anayeanza atalia. Kaja na nyeusi. Eti haishiki uchafu, kwa vumbi hili la Dodoma! Nikamkalisha mlangoni kwenye mwanga tukaanza cheni nne, ulimi uko nje kwa kukaza macho, na duara la kwanza halijafunga ananiuliza, "Mwenzangu, hivi kwa mfano nikimaliza, mtu anaweza kuninunulia kwa shilingi ngapi?"