Usiku wa Mkaa Kule Wuyishan

Nilitoka Fuzhou, kusini-mashariki mwa China, kwa treni ya mwendokasi, saa moja na ushee, nikashuka Wuyishan mvua ikinyesha. Jambo lililonipeleka ni moja tu: kuona chai ya miambani, yancha, ikibanikwa kwa mkaa.

Asubuhi nilipita bonde la Jiulongke, ilipo ile michai mama sita ya Da Hong Pao, yancha mashuhuri kuliko zote, imejishikiza kwenye jabali. Haijachumwa tangu 2006. Watu walikuwa wengi, sikukaa.

Jioni nikafika kwa fundi mmoja mzee. Chumba chake cha nyuma kina safu ya mashimo ya mviringo, kila moja limeshindiliwa mkaa wa mlongani, ndugu wa mshokishoki wetu. Mkaa huwashwa, ukaachwa uwake hadi moshi wote uishe, ndipo hufunikwa kwa majivu laini. Majivu ndiyo usukani: moto ukizidi huongezwa, ukififia hupunguzwa. Mzee hakushika kipimajoto. Aliweka kiganja juu ya shimo, akatulia, kisha akachota majivu kidogo akayamwaga upande mmoja tu.

Chai hutandazwa kwenye kikapu cha mianzi kinachokaa juu ya shimo. Kila alipotaka kuigeuza, alikiondoa kikapu motoni kwanza.

"Shifu," nilimwita, yaani fundi, "mbona usiigeuze hapo hapo?"

Akakitikisa pembeni, vumbi la chai likaanguka sakafuni. "Hili likidondokea makaa, chai yote itanuka moshi."

Nilimwelewa mara moja. Aliyewahi kupakuliwa wali ulioingia moshi anajua hauna dawa.

Chai hukaa motoni saa nyingi, ikapumzishwa wiki kadhaa, ikarudishwa tena. Kwa hiyo anayesimamia moto hulala kwa vipande, hapo hapo karibu na vikapu. Chai kuukuu yeye huitunza mtungini. Ikivuta unyevu, huibanika upya kwa moto mdogo sana, unyevu utoke bila majani kuungua.

Usiku wa manane alinimiminia chai aliyoihifadhi zaidi ya miaka ishirini. Rangi yake ya maji ya ukwaju, na uchachu wake pia wa ukwaju, kwa mbali, kisha utamu ukapanda polepole kutoka kooni. Nilinusa kikombe kitupu nikitafuta moshi. Haukuwemo. Nikakirudisha mezani kwa mikono miwili, akajaza tena.