Nilivyopata biskuti za jibini na kitunguu zisizolainika

Watoto wangu waliijua ladha ya jibini na kitunguu kwenye pakiti za krispi kabla ya kuikuta mahali pengine popote. Krispi ndizo zilizoitangaza: Joe Murphy, aliyeanzisha kampuni ya Tayto nchini Ireland mwaka 1954, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuiuza. Lakini mle pakitini ni unga wa ladha tu. Nilichokitaka mimi ni biskuti ya chumvi ya kunywea chai ya saa kumi, yenye jibini la kweli na kitunguu cha kweli, inayokatika kwa mlio leo na kesho pia. Chai yetu ya maziwa ina sukari tayari, na biskuti tamu juu yake inakinaisha.

Shida ya biskuti hizi ni maji. Kitunguu kibichi ni maji karibu sehemu tisa katika kumi, na mapishi mengi yanakuambia ukikatekate na kukitia kwenye unga hivyo hivyo. Ndani ya oveni maji hayo yanageuka mvuke katikati ya biskuti. Juu inapiga rangi, unadhani imeiva, kumbe ndani bado imelowa, na ikilala usiku mmoja unyevu unasambaa biskuti nzima. Nilipoelewa hivyo, kila nilichofanya kuanzia sokoni hadi kwenye mkebe kilikuwa na shabaha moja: kuyatoa maji.

Nikaanza na kitunguu chenyewe. Mama mboga wangu hapa Pangani, Nairobi, ananijua, na nilipomwambia nataka vitunguu vya kuoka, si vya kachumbari, alisukuma kando vile alivyokuwa amevipanga mbele. "Kastama wangu, chukua hivi vya Tanzania, vimekauka vizuri," akasema. Nikakibonyeza kimoja shingoni, pale majani yalipokatwa: pamefunga kabisa, pagumu, na ganda la juu linachakarika kwa kuguswa. Vile vingine shingo zilikuwa nene na laini, dalili kwamba viling'olewa na kuletwa sokoni bila kuanikwa kivulini vya kutosha. Asili ya kitunguu si hoja, maana hata vya kwetu Kenya, vya Loitoktok, vikianikwa vizuri vinafaa. Hoja ni shingo. Msimu wa mvua ndiyo shida zaidi, kwa sababu wakulima wanakosa jua la kukaushia, basi hapo nachagua kimoja kimoja na sioni haya.

Vitunguu viwili vya wastani navikata vidogo sana, vidogo kuliko vya mchuzi, kwa sababu kipande kikubwa kitakwamisha kisu baadaye wakati wa kukata biskuti. Naviweka kwenye kikaango kipana na kijiko kimoja cha siagi na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi inavuta maji nje. Moto uwe mdogo. Kazi hii inachukua kama nusu saa, na sifanyi haraka hata kidogo, maana ndiyo inayoamua kila kitu. Mwanzoni kikaango kinachemka kwa kelele na mvuke unapanda. Baadaye sauti inashuka, inakuwa ya kukaanga taratibu, na harufu inabadilika kutoka ukali hadi utamu. Napitisha mwiko katikati ya kikaango: ile njia ikibaki kavu bila maji kurudi, nazima. Vile viwili vimebaki vijiko vichache vya mezani, rangi ya kahawia. Navitandaza kwenye sahani iliyofunikwa karatasi ya jikoni na kuviacha vipoe kabisa. Kitunguu chenye joto kikikutana na siagi kinaiyeyusha, na biskuti itatambaa kwenye trei.

Kuna njia nyingine ambayo mpishi yeyote wa biriani ataifikiria mara moja: kukaanga kitunguu kwenye mafuta mengi mpaka kiwe kikavu kabisa na kukivunjavunja ndani ya unga. Ukavu wake hauna mfano, ila kimeshafika mwisho wa rangi, na kikiingia tena kwenye oveni kinaelekea kuwa kichungu. Mimi nakitumia kidogo tu, kwa kunyunyizia juu dakika chache kabla ya kutoa trei. Ndani ya unga nabaki na kile cha moto mdogo.

Jibini nalo lina maji yake. Natumia cheddar, ile aina iliyopewa jina la kijiji cha Cheddar huko Somerset, Uingereza, na ambayo sasa inatengenezwa kila mahali, Kenya ikiwemo. Lililokomaa ndilo linalofaa, kwa kuwa kadiri linavyokaa ndivyo linavyopoteza maji na kuongeza ukali, na kiasi kidogo kinatosha. Rangi isikudanganye, kwani ile ya machungwa ni rangi iliyotiwa tu. Vunja kipande: likimeguka punjepunje ni kavu, likijikunja na kuvutika bado ni changa. Mozzarella inafaa pitsa, hapa inaleta maji na ladha hafifu. Vipande vile vya kuweka kwenye sandwichi pia siviungi mkono, kwa sababu vina chumvi maalumu za kulifanya jibini liyeyuke laini, na hapa hatutaki ulaini. Jibini ni ghali, najua, ndiyo maana nasisitiza ukali. Gramu 150 za jibini kali zinasikika mdomoni kuliko gramu 250 za lile changa. Nalikwaruza likiwa limetoka kwenye friji, upande wa matundu madogo.

Vipimo vyangu vingine ni unga wa ngano mweupe wa kawaida gramu 200, siagi baridi gramu 120, nusu kijiko cha chai cha haradali ya unga, pilipili manga iliyosagwa saa hiyo hiyo, pilipili ya unga kidogo, na kiini cha yai moja. Haradali haisikiki peke yake ila inalinyanyua jibini, usiiache. Chumvi siitii kabla ya kuonja jibini, na mara nyingi siitii kabisa.

Unga unaojiumua wenyewe, ule uliochanganywa bekingi pauda tayari na unaotajwa sana katika mapishi ya Uingereza, sitaki kuuona kwenye biskuti hizi, na hapa Nairobi nina sababu ya ziada. Jiji hili liko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Gesi inayotolewa na bekingi pauda inatanuka zaidi huku kuliko Mombasa au London, hivyo biskuti inavimba upesi, inakosa nguvu ya kujishikilia, na kubweteka. Ukipenda wepesi kidogo, robo ya kijiko cha chai inatosha. Mimi sitii.

Siagi naikata vipande na kuisugua ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka iwe chengachenga kama makombo ya mkate. Viganja ni vya moto, ncha za vidole ni baridi kidogo, basi viganja vikae mbali. Mafuta yanazifunika chembe za unga ili zisivute maji na kuwa mnato. Hapa mtu aliyezoea chapati lazima aushike mkono wake. Chapati inataka kukandwa mpaka ilainike na kuvutika, na biskuti ikikandwa hivyo inakuwa ngumu, inakataa kuvunjika. Baada ya kutia jibini, viungo, kitunguu na kiini cha yai, nakusanya tu mpaka donge lishikane. Likikataa, kijiko kimoja cha maji ya friji, si zaidi. Miezi ya Januari na Februari, jikoni kwetu kunapopata jua la mchana, kazi hii naifanya asubuhi mapema.

Donge nalifinyanga kuwa kigogo chenye unene wa sentimita nne au tano, nalizungushia karatasi ya kuokea na kulitia kwenye friji kwa saa moja au mbili. Kulisukuma na kukata kwa glasi inawezekana, lakini mabaki yanakandwa tena na tena, na kila mara yanazidi kuwa magumu. Kigogo hakina mabaki. Kikishakaza nakikata kwa kisu chembamba, unene wa nusu sentimita. Nazipanga kwenye trei kwa nafasi na kuzinyunyizia habasoda ninayoinunua Eastleigh. Habasoda na kitunguu cha kukaanga ni ndugu, sijapata mbegu nyingine inayovipendeza hivi.

Oveni naiwasha mapema ifike nyuzijoto 180. Namba za kwenye kitufe siziamini peke yake, nimetundika kipimajoto kidogo ndani, na nashauri kila anayeoka nyumbani awe nacho kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kuokea. Trei inakaa katikati kwa dakika 15 hadi 18, na baada ya dakika kumi naigeuza, kwa sababu upande wa nyuma una moto zaidi. Kingo zikiwa kahawia na katikati pamepata rangi ya dhahabu, zimeiva. Bado sizitoi. Napunguza moto mpaka nyuzijoto 120 na kuziacha dakika kumi zaidi zikauke bila kuongeza rangi. Dakika hizo kumi, baada ya kile kitunguu cha nusu saa, ndizo zilizonipa mlio niliokuwa nautafuta.

Sasa stima. Huku kwetu inaweza kupotea trei ikiwa tayari kuingia, na kigogo kimeshakatwa. Iliponipata hivyo nilikuwa na mama yangu, mzaliwa wa Mombasa, aliyetulea kwa mkate wa mayai wa kupalia makaa. Hakusita. Tukatoa jiko la makaa barazani, tukachukua sufuria kubwa nzito, tukatandaza mchanga mkavu chini, tukaweka kigae cha kuinulia, na juu yake sahani ya bati yenye biskuti. Kifuniko bapa juu, makaa juu ya kifuniko. Nilikuwa nataka kuongeza moto chini akanizuia: "Upunguze wa chini, mwanangu. Jibini litaungua kabla unga haujaiva. Moto uwe juu."

Nikamtii, nikabakisha makaa machache tu chini na kuyajaza juu. Alifunua mara moja tu, akaangalia rangi, akafunika. Zilitoka na kahawia nzuri upande wa juu na harufu ya moshi kwa mbali ambayo oveni haiwezi kuitoa. Nilifurahi kumwona mama akiipika kwa ujuzi wake biskuti ambayo hakuwahi kuila utotoni, na tangu hapo naoka hivyo hata stima ikiwepo, kama mkaa upo na yeye yupo. Ukijaribu, iwe nje au kwenye baraza lililo wazi, kamwe si ndani ya chumba. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu na inaua.

Zikitoka naziacha zipoe kwenye waya mpaka ziwe baridi kabisa kabla ya kuzitia kwenye mkebe. Biskuti iliyofunikiwa ikiwa vuguvugu inatoa jasho, na kazi yote ya kukausha inapotea. Kwenye mkebe wa bati unaofunga vizuri zinakaa na mlio wake karibu wiki nzima. Miezi ya mvua ndefu, zikianza kulegea, dakika tano kwenye oveni zinarudisha hali. Usizichanganye na biskuti tamu wala keki kwenye mkebe mmoja, keki ina unyevu na biskuti za chumvi zitaunywa.

Vigogo viwili vya ziada viko kwenye friza muda wote. Wageni wakipiga simu kwamba wamefika Ngara, natoa kimoja, nakiacha kidogo kisu kiweze kupita, nakata na kuoka, nikiongeza dakika mbili tatu kwa ajili ya ule ubaridi. Wanapomaliza kupanda ngazi, chai imechemka.