Faili moja kuonekana mara tatu: nilivyolimaliza hili kwenye programu ya chama cha msingi huku Mtwara

Wakuu, naandika nikiwa na furaha na hasira kwa pamoja. Furaha kwa sababu kazi imeisha na imetulia, hasira ni kwa ajili ya ule ushauri unaozungushwa kila ukiuliza watu habari ya kulinganisha njia za mafaili (yaani anwani ya mahali faili lilipo): "weka ToLower pande zote mbili, linganisha, kwisha kazi", yaani geuza herufi zote kuwa ndogo kwanza. Haiishi, na kwa programu inayogusa hela za wakulima ushauri huo ni hatari kabisa.

Kuna chama cha msingi upande wa Tandahimba, siwataji, wana programu ya Windows ya C# waliyotengenezewa na jamaa mwingine miaka ya nyuma. Karani anapokea korosho, anaskani risiti ya mapokezi, anaiambatanisha kwenye rekodi ya mkulima. Huku stakabadhi ghalani (mkulima anaweka korosho ghalani, anapewa risiti, zinauzwa mnadani) tunayo tangu msimu wa 2007/2008 kwa hiyo makaratasi ni ya kumwaga, na minada ikianza Oktoba hakuna anayelala. Sasa databesi ilikuwa inatunza njia ya faili nzima nzima kama maandishi. Mafaili yanakaa kwenye kompyuta ya mhasibu, kwake risiti ni D:\Korosho\Risiti\0412.pdf, karani yeye kaunganishiwa draivu Z kwa hiyo kwake ni Z:\Risiti\0412.pdf, na mashine ya tatu inaingia kwa jina la mtandao, \\MHASIBU\Korosho\Risiti\0412.pdf. Karatasi ni moja, programu inahesabu risiti tatu, mkulima anatokea mara tatu kwenye orodha ya malipo. Katibu akanipigia, "Mwanangu, watu wamejaa hapa nje na hii orodha mimi siwezi kuisaini." Shikamoo nilimpa nikiwa tayari nawasha pikipiki.

Niambieni basi hapo ToLower inafanya nini. Z haitakuwa D hata uibonyeze vipi. Na hata pale ambapo tofauti ni herufi kubwa na ndogo tu bado si salama: Linux Risiti.pdf na risiti.pdf ni mafaili mawili, na Windows 10 yenyewe tangu toleo la 1803 la mwaka 2018 unaweza kuiambia foda moja itofautishe herufi. Halafu ToLower ya kawaida inafuata lugha ya mashine, kwenye mipangilio ya Kituruki herufi I inageuka i isiyo na nukta na ulinganisho wako unakufa. Kama lazima ulinganishe maandishi tumia StringComparison.OrdinalIgnoreCase, kazi yake ndiyo hiyo, kulinganisha bila kujali herufi kubwa na ndogo wala lugha ya mashine.

Mwingine akasema nipige hashi, yaani nisome faili lote nitoe alama yake, zikifanana basi ni faili moja. Hii nikaijaribu maana ukiisikia inavutia. Kwanza ilikuwa inavuta kila PDF kupitia mtandao wa pale ofisini, karani anabaki anaangalia skrini imeganda na foleni inanung'unika. Hilo ningevumilia. Kilichoiua ni zile fomu tupu: wana fomu ya PDF ambayo inakopiwa kwa kila mkulima mpya kabla ya kujazwa, hashi zote sawa, programu ikataka kuwaunganisha wakulima wasiojuana kuwa rekodi moja! Na upande wa pili, mhasibu akigonga muhuri kwenye PDF basi hashi inabadilika, faili lile lile linaonekana geni. Hashi inajibu kama yaliyomo yanafanana. Mimi nilikuwa nauliza kama ni faili lile lile, ni maswali mawili tofauti na watu wanayachanganya kila siku.

Sasa sikilizeni utamu. Mtu mmoja nyumbani ni Baba Asha, kazini ni Mhasibu, mtaani ana jina la utani, ukitaka kujua ni huyo huyo unaangalia namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Faili nalo lina namba yake. Unalifungua, Windows inakupa hando (kishikio cha faili lililofunguliwa), hiyo unaipeleka kwa GetFileInformationByHandle, inakurudishia namba ya volyumu (diski au sehemu ya diski) na namba ya faili ndani ya volyumu hiyo, vyote viwili vikifanana ni faili moja, haijalishi umepita mlango gani. Shikilia yote mawili yakiwa wazi wakati unalinganisha, maana faili likifutwa namba yake inaweza kupewa lingine.

Shida ikabaki moja, D ya mhasibu haifunguki kwa karani na Z haipo kwa mhasibu. Nikahamia kwenye mashine ya mhasibu, D ipo, jina la mtandao linafunguka hata ukiwa pale pale, na Z nikaiunganisha kwa muda kwa herufi ile ile. Milango yote mitatu ikawa kwenye mashine moja! Nikaachia koodi ipite kwenye databesi nzima, inafungua kila njia, inasoma namba, inakusanya. Mashine zote pale ni Windows na diski ni NTFS (mpangilio wa kawaida wa diski za Windows), ikakubali bila ubishi. Kwenye seva za aina nyingine msiiamini peke yake, maelezo ya Microsoft yanasema kupitia mtandao inaweza kuleta taarifa nusu au kushindwa kabisa. Na flashi za FAT (mpangilio wa zamani zaidi) namba inaweza kubadilika baadaye, msiitunze kwenye databesi. Orodha ikarudi mkulima mmoja mstari mmoja, katibu akasaini mbele yangu, nilijisikia vizuri sana.

Baada ya hapo nikabadilisha utunzaji. Databesi sasa inaandika Risiti\0412.pdf tu, mzizi (foda kuu ambamo njia inaanzia) kila mashine inaujua yenyewe kwenye mipangilio yake, na faili likitoka nje ya mzizi linakopiwa ndani kwanza. Muhimu sana hiyo, kwa sababu skana ilikuwa inaacha mafaili kwenye foda ya muda, na pale jina la mtumiaji linazidi herufi nane Windows inaweza kukupa njia fupi kama C:\Users\MWAJUM~1\AppData\Local\Temp. Hiyo irefushe kwa GetLongPathName ya Windows, au Path.GetFullPath ya .NET, ambayo kwenye Windows inasafisha nukta mbili na slashi na ikiona ile alama ya wimbi inajaribu kuirefusha pia.

Na ukiangalia kama faili liko ndani ya foda, jamani, msitumie StartsWith kavu, yaani kuangalia tu kama njia inaanza na jina la foda. Jamaa wa mwanzo alikuwa anafuta rekodi za D:\Korosho\Mahuta kwa StartsWith, zikawa zinaondoka na za D:\Korosho\Mahuta B. Hakikisha njia ya foda inaishia na slashi ndiyo ulinganishe. Gharama zote ni bando na mafuta ya pikipiki, elfu hamsini sitini hivi, na chama wamelipa vizuri.