Kumbukumbu ya boti, wiki ya 11: saizi ya tanga la mbele imenitoa jasho

Wacha nianze na kifo cha lile la zamani. Jumamosi nilikuwa nalikunja nikaona kauzi kamechomoza kwa mshono, nikakavuta tu na kucha, si kakanifuata kama sweta ya mtoto ikifumuka, futi mbili hivi, na kalipokatika vidole vikabaki na unga mweupe. Jua la hapa Kisumu halina huruma na uzi. Dakroni yenyewe (kitambaa cha tanga) ingesukuma kidogo lakini ule ukanda wa kukinga jua ulishabanduka hata kabla ninunue hii boti (ni ya futi 24, kwa wale wapya hapa).

Akili yangu ya kwanza ikaniambia agiza saizi ile ile, maliza. Ni jenoa kubwa, lile linapita mlingoti linarudi nyuma mpaka karibu na winchi. Nikalitandaza kwa nyasi, nikapima ukingo wa chini nikapata mita 4.60, nikagawanya na umbali wa kutoka mlingoti hadi pale waya wa mbele unashikana na deki, 2.90, ikatoka asilimia 159. Nikamtumia fundi mmoja wa matanga huko Pwani kwa WhatsApp nikijiona mjuaji. Akanipigia saa hiyo hiyo.

"Kaka, hapo umepima ukingo wa chini, sivyo?"

Nikamwambia eeh.

"Basi hiyo siyo saizi ya tanga."

Kumbe unashika tepu kwa ile pembe ya nyuma, pale kamba za kuvuta zinafungwa, halafu unaenda mbele mpaka ukutane na ukingo unaokaa kwa waya, na lazima ukutane nao kwa pembe mraba. Huo mstari ndio unagawanya. Nikarudi kwa nyasi: 4.35. Asilimia 150 kamili. Ningeagiza na namba yangu ningeletewa hema ya harusi.

Halafu akauliza, "na hilo mia hamsini, unalifungua lote mara ngapi?" Nikanyamaza. Maana asubuhi huku upepo ni ule mpole wa kutoka nchi kavu, jenoa kubwa ni tamu sana, lakini mimi Jumamosi natoka job saa saba, na saa hiyo upepo wa ziwa ushaingia kutoka magharibi, kwa hivyo kuelekea kisiwa cha Ndere ni kubisha mwanzo mwisho, yaani zigizaga dhidi ya upepo, na tanga nimelizungusha karibu nusu kwa rola, ile ya kulikunjia kwenye waya wa mbele. Ukishapita kama theluthi hivi tanga linapoteza umbo, linakuwa gunia, boti inalala upande badala ya kwenda. Miaka miwili nimekuwa nikilaumu usukani bana.

Tukapiga hesabu, ukingo wa mbele mara ule mstari, gawa kwa mbili. La 150 ni kama mita za mraba 19.4, la 135 ni 17.4, la 120 ni 15.5. Nimechukua 120. Saa zingine nitakaa tu asubuhi nikingoja upepo, sawa, niko na chai kwa thamosi.

Kuna raha nyingine sikuwa nimeifikiria, tutainua ukingo wa chini kidogo ndio nione mbele. Jenoa la zamani lilikuwa linafagia deki, mwezi jana nusura nipande juu ya nyavu za watu wa Dunga, nilistukia maboya yakiwa mita tano tu, na jamaa kwenye mtumbwi akanipigia kelele kwa Kijaluo ambazo sitaandika hapa. Na gugumaji je, na kiboko?

Sasa huo ukingo wa mbele nao ulinichezea. Nilifunga tepu kwa kamba ya kupandisha tanga (Pwani wanaita henza, neno tamu), nikapandisha saa tisa mchana, nikasoma 9.04. Lakini tepu ilikuwa imejaa upepo, imebenuka kama upinde. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, ziwa kama kioo, nikavuta tepu ikakaza: 8.90. Hizo sentimita 14 zingefanya tanga lisikazike kamwe, maana rola ishakula nafasi juu na chini, hakuna pa kulipandisha zaidi.

Deposit nimetuma. Shida iliyobaki ni reli za deki zinazoshika ile puli ya kamba. Tanga fupi linataka puli isonge mbele, nimevuta uzi kutoka pale pembe mpya itakaa nikaweka alama ya chaki, na chaki imeangukia kiganja kimoja mbele ya mwisho wa reli. Boliti zake zinashuka mpaka juu ya kitanda changu, na moja tayari inavuja.