Goti la ekzosi

Ujiji, Jumamosi usiku

Ekzosi, yaani bomba la moshi, ya gari la marehemu baba imeacha kuvuja, na safari hii naamini imeacha kweli, kwa sababu sasa tunajua ilikuwa inavujishwa na nini.

Mlio wake niliuzoea. Asubuhi injini ikiwa ya baridi unasikia tiki-tiki-tiki kwa mbele, ukikanyaga mafuta unaharakisha. Nikitoka nyumbani Ujiji upo, nikifika Mwanga, Kigoma mjini, haupo. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba ule upenyo, kikipoa upenyo unafunguka tena. Kwa hiyo kila fundi niliyempelekea alilipokea gari likiwa limenyamaza, akabadilisha gasketi, ile pete ya kuziba kiungo, akakaza bolti kwa nguvu zake zote, na baada ya muda mlio ukarudi. Kuna mmoja alichomelea kabisa. Bomba likapasuka pembeni ya pale alipochomelea.

Kelele ningeivumilia. Kilichonikosesha usingizi ni mama. Alikuwa akifika Kasulu kichwa kinamuuma na moyo unamchafuka, anasema ni uzee. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na hemoglobini ya damu inaishika zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Ikivujia mbele, chini ya boneti, inaweza kuingia ndani pamoja na hewa ya feni. Kipimo cha kuthibitisha sikuwa nacho, ila nilikataa kumpakia tena mpaka jambo hili liishe.

Mzee mmoja pale Mwanga ndiye aliyeniambia nimwachie gari lilale kwake. Nilipofika asubuhi nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Washa, usikanyage mafuta."

Akaziba tundu la nyuma kwa kitambaa kilicholowa, sekunde chache tu, na mbele kukatoka sauti ya kufyonya. Akaingia chini na tochi. Pale bomba la mbele linapoungana na manifoldi, lile chuma linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, kulikuwa na masizi meusi yamejichora upande mmoja. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Springi za hapa nani alizitoa?"

Sikujua kama paliwahi kuwa na springi.

Injini ya gari hili imelala kwa upana. Ukiongeza mafuta inayumba mbele na nyuma, ilhali bomba limening'inizwa kwenye bodi, haliyumbi nayo. Kwa hiyo kiwandani waliweka hapo gasketi ya mviringo yenye mgongo wa duara, na bolti mbili zenye springi, ili kiungo kijipinde kidogo bila kuachia moshi. Ni goti. Na mafundi, mmoja baada ya mwingine, wakalifunga banzi: bolti za kawaida, zimekazwa mpaka mwisho. Kadiri walivyokaza ndivyo gasketi ilivyozidi kusagika. Nyuma nako raba za kuning'inizia zilikwisha zamani, mtu akafunga waya.

Halafu akaniambia niweke gia, nikanyage breki mpaka chini, niguse mafuta kidogo tu, mwenyewe akisimama pembeni. Injini ilinyanyuka kama inataka kutoka. Mauntingi ya mbele, ile raba inayoibeba, ilikuwa imechanika katikati. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hata gasketi nzuri haikudumu.

Mauntingi imeletwa na basi kutoka Dar. Springi tumezipata kwenye gari bovu la aina hiyo hiyo, bado zina nguvu. Bolti za zamani zilikuwa zimeshikwa na kutu, mzee akazipasha moto, akasubiri, akazipasha tena. Alinifurahisha sana kwa hilo, maana wengi wangezikata na kuharibu stadi, vile vyuma vya nyuzi vilivyochomoza kwenye kiungo. Kabla ya kuweka gasketi alipitisha rula kwenye uso wa chuma kuona kama umepinda, akausugua taratibu mpaka ukalala sawa. Kazi hiyo ilichukua muda kuliko nyingine zote, na kwa maoni yangu ndiyo niliyomlipia.

Mafuta nayo nadhani yatapungua. Upenyo ukiwa kabla ya sensa ya oksijeni hewa ya nje inapenya humo, sensa inadanganyika kwamba petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza. Nitaona kwenye tangi.

Jumatatu nampeleka mama Kasulu, atakaa mbele pamoja nami. Raba moja ya nyuma bado imefungwa kwa waya, kwani iliyokuja na mzigo ilikuwa ndogo. Nimeagiza nyingine.