Mashati mawili ya Januari

Januari yangu ya kwanza London, dada mmoja wa Mombasa niliyekuwa nikifanya naye usafi wa maofisi usiku alinitazama nilivyovaa, akasikitika. "Mdogo wangu, hapa shati moja halitoshi. Vaa mawili." Nikamsikiliza.

Zamu ikiisha alfajiri, nilikuwa napita barabara ya Whitehall kwenda kupanda basi. Mlangoni pa jengo moja la mawe meupe, Banqueting House, pana sanamu ya kichwa cha mtu. Nilipita miezi bila kujua ni nani, hadi nilipoamua kusoma: Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza. Walimkata kichwa hapohapo nje, tarehe 30 Januari 1649.

Asubuhi ile baridi ilikuwa kali, na Charles aliomba avalishwe mashati mawili. Alichelea kutetemeka, watu wakadhani ni woga. Nilisoma maneno hayo nikiwa kwenye basi, mashati yangu mawili mwilini, nikaifunga simu.

Simtetei. Aliamini amepewa ufalme na Mungu, hivyo hakuna binadamu wa kumhoji, na vita vyake na Bunge viliua watu wengi. Alishtakiwa kwa uhaini, na watu 59 wakatia saini hati ya kumuua. Siku hiyo alipitishwa katika ukumbi wa jengo hilo, ambao dari yake yeye mwenyewe aliagiza mchoraji Rubens aipake picha za baba yake akipandishwa mbinguni, kisha akatolewa nje jukwaani. Aliyeshika shoka alificha uso, na mpaka leo hajulikani kwa hakika. Shoka lilishuka mara moja tu. Kijana mmoja aliyekuwepo, Philip Henry, aliandika kwamba umati uliguna mguno ambao hakuwahi kuusikia na hakutaka kuusikia tena.

Lakini kinachoniuma mimi ni siku ya kuamkia hapo. Waliletwa watoto wake wawili kumuaga, Elizabeth wa miaka 13 na Henry wa miaka 8. Alimpakata Henry magotini, akamwambia wazi kwamba watamkata kichwa baba yake, na kwamba asikubali kufanywa mfalme maadamu kaka zake wako hai. Mtoto akajibu kuwa ni heri araruliwe vipande kwanza. Elizabeth aliyaandika yote. Mwaka uliofuata naye alifariki, kizuizini, katika ngome ya Carisbrooke.

Wangu ana miaka minane pia, yuko Tanga kwa bibi yake. Naye nilimpakata siku ya kuondoka, na sikupata neno la kumwambia.

Ng'ambo ya barabara kutoka Banqueting House, saa ya jengo la Horse Guards ina doa jeusi penye saa nane. Inasemekana ndiyo saa aliyouawa Charles. Saa nane mchana ya Januari hapa, Tanga ni saa kumi na moja jioni. Mwanangu anakuwa ametoka madrasa, na mimi nimeshaamka. Ndiyo saa ninayompigia.